Breka Hailindi Mtu: Kuuelewa Umeme wa Kiyoyozi cha Juu ya Paa

Hajati hakuniita kwa sababu ya kiyoyozi kibovu. Mashine zake mbili za juu ya paa zilikuwa zinafanya kazi vizuri na vyumba vya wageni vilikuwa na ubaridi wake. Tatizo lilikuwa kijana anayesafisha matangi ya maji. Aliteremka ngazi akasema hapandi tena, kwa kuwa boksi moja la kiyoyozi linang'ata.

Nyumba hiyo ya wageni iko Malaba, upande wetu wa Uganda. Ina ghorofa mbili, na upande wa nyuma kuna paa la zege lenye matangi na mashine. Tulipanda na kijana ninayemfundisha kazi asubuhi na mapema, zege likiwa bado na umande. Alinyoosha mkono alipige boksi kwa nyuma ya vidole, nikamzuia. Nilivuta waya mrefu kutoka kwenye fimbo ya ardhi iliyoko chini karibu na mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, nikashikiza ncha moja ya kipimo changu kwenye waya huo na ncha ya pili kwenye skrubu ya boksi. Kipimo kikasoma volti 118.

"Mzee, hii si nusu ya umeme wa laini?" kijana akauliza.

Ilikuwa nusu kabisa, au karibu sana. Nitarudi kwenye nusu hiyo, maana ina maelezo yake. Kwanza nieleze alichosema Hajati nilipoteremka kumpa habari. Alisema: "Lakini fundi, breka ni mpya. Tena ni kubwa, ya 32. Kungekuwa na shida si ingekata?"

Swali hilo nimelisikia Tororo, nimelisikia Mbale, nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Wenye nyumba wengi wanaamini kwamba kwenye bodi ya breka kuna kifaa kimoja kinachokinga kila kitu, na kwamba kikiwa kikubwa kinga nayo inakuwa kubwa. Ukweli ni kwamba umeme wa kiyoyozi cha paani una hatari kadhaa, kila hatari ina kifaa chake, na hakuna kifaa kinachofanya kazi ya mwenzake.

Breka kazi yake ni kulinda waya. Kila waya una kiasi cha mkondo unachoweza kubeba. Ukizidishiwa unapata moto, plastiki inalainika, mwisho inaungua. Breka ya ampea 32 inaziruhusu ampea 32 zipite mchana kutwa. Sasa tazama mwili wa mtu. Mkondo wa miliampea moja hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea, mtu anausikia kama mtekenyo. Ukikaribia miliampea 10 misuli ya mkono inakaza, na mtu anaweza kushindwa kuachia alichoshika. Ukipita miliampea 30 kifuani bila kukatwa upesi, moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Miliampea 30 ni ampea 0.03. Kwa breka ya Hajati hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya mkondo inaouruhusu. Mtu anaweza kufia juu ya paa akiwa ameshika boksi, na ile breka mpya isiteteme.

Sasa ile nusu. Boksi lililokuwa linang'ata ni la mashine ya inveta, yaani inayoongeza na kupunguza kasi yake kwa elektroniki. Mashine za namna hii zina chujio dogo pale umeme unapoingilia, na ndani ya chujio mna kapasita ndogo mbili, vifaa vinavyohifadhi umeme kidogo: moja imetoka kwenye waya wa moto, unaoleta umeme, kwenda kwenye chuma cha boksi, nyingine imetoka kwenye nyutro, waya unaourudisha, kwenda hapohapo. Zimewekwa ili uchafu wa umeme unaotengenezwa na inveta umwagwe kwenye waya wa ardhi. Waya wa ardhi ukikosekana, chuma chote cha boksi kinabaki kinaning'inia katikati ya moto na nyutro, ndiyo maana kinasoma nusu. Mkondo wake ni mdogo sana, unatekenya tu. Kwa hiyo ndani ya mashine ya Hajati hapakuwa na kilichoharibika. Kilichokosekana ni waya wa ardhi. Na siku ambayo waya wa moto ungechunika ukagusa chuma, zile volti 118 zingekuwa 240, na kijana wa matangi asingepata nafasi ya kuteremka kusimulia.

Tulifungua kifuniko tukakuta kebo ya nyaya mbili tu, wa moto na nyutro. Kebo hiyohiyo moja, ya milimita 2.5 za mraba, ilikuwa inalisha mashine zote mbili. Fundi aliyetangulia aliweka breka ya 16 mwanzoni. Ikawa inaanguka kila mchana, akaitoa, akatia ya 32, na ikaacha kuanguka. Hajati akalipa akijua ametengenezewa.

Waya wa ardhi unafanya nini hasa

Watu husema ardhi inameza umeme. Haimezi. Umeme uliotoka kwenye transfoma hautafuti udongo, unatafuta njia ya kurudi kwenye transfoma ileile. Udongo ni njia mojawapo ya kurudia, na ni njia mbovu. Ubovu huo ndio unaowachanganya hata mafundi.

Chukua nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe iliyopigwa chini, na fimbo hiyo ina ukinzani wa omu 20, ambayo kwa udongo wetu si mbaya. Waya wa moto umegusa boksi la kiyoyozi, na boksi limeungwa vizuri kwenye fimbo. Gawanya 240 kwa 20, unapata ampea 12. Hizo 12 zinatiririka kutoka kwenye boksi kwenda kwenye fimbo, kutoka kwenye fimbo kwenda kwenye udongo. Breka ya 20 inaziona ampea 12 na kuzihesabu kuwa matumizi ya kawaida. Haikati leo, haikati kesho. Boksi linabaki na umeme, fimbo inachemsha udongo, na mwenye nyumba anashangaa kwa nini uniti za Yaka zinakwisha usiku wakati hakuna aliyewasha kitu. Ampea 12 kwa volti 240 ni karibu kilowati tatu, na mita inahesabu kila saa. Ukiona uniti zinayeyuka bila sababu na nyumba ina vyuma juu ya paa, usianze kwa kulaumu mita.

Kwa hiyo waya wa ardhi peke yake, kwenye fimbo ya kawaida, mara nyingi hauwezi kuiangusha breka. Hapo ndipo inapoingia RCD. Hiki ni kifaa kinachofanana na breka kwa sura, ila kina kitufe kidogo chenye herufi T. Ndani yake waya wa moto na nyutro hupita pamoja kwenye pete moja. Kama mkondo uliokwenda ni sawa na uliorudi, pete haisikii kitu. Zikipotea miliampea 30, maana yake kuna mkondo unarudi kwa njia nyingine, pengine kupitia mwili wa mtu, nayo inakata. Kiwango kinaitaka ikate ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde, na uvujaji ukiwa mkubwa mara tano ya hapo, ndani ya sehemu nne za mia za sekunde.

Rudi kwenye fimbo yetu. Kiangazi cha Desemba mpaka Februari udongo unakauka, na fimbo iliyosoma omu 20 wakati wa mvua inaweza kupanda sana. Tuseme imefika 200. Mkondo wa hitilafu sasa ni ampea 1.2 tu. Breka haina habari nao kabisa. Lakini kwa RCD, ampea 1.2 ni mara arobaini ya kile inachongojea. Inakata papo hapo. Ndiyo sababu nashikilia kwamba kiyoyozi cha paani kiwe na vyote viwili. RCD bila waya wa ardhi inangoja mtu awe njia ya kurudia ndipo ikate, na waya wa ardhi bila RCD unaacha boksi na umeme wake. Vikiwa pamoja, hitilafu inakatwa pale inapotokea, kabla ya mkono wa mtu kufika.

Kuna jambo la aina za RCD ambalo wauzaji wengi hawalijui. Aina ya kawaida na ya bei rahisi, iliyoandikwa AC ubavuni, inatambua uvujaji wa umeme wa mawimbi ya kawaida pekee. Mashine ya inveta inaweza kuvujisha mkondo wenye umbo jingine, hata wa kwenda upande mmoja, na huo unaifanya pete ya aina hiyo isione sawasawa. Kwa inveta nunua angalau aina A, na kama kitabu cha mashine kinataja aina F au B, fuata kitabu. Herufi AC kwenye RCD hazina uhusiano wowote na kiyoyozi. Nimeona mtu akiichagua kwa sababu hiyo.

Na kama RCD moja ya nyumba nzima inaangukaanguka baada ya kufunga viyoyozi, usiitoe. Kila mashine ya inveta inavuja kidogo kwa maumbile yake, kupitia lile chujio. Zikiwa tatu au nne na friji juu yake, mivujo midogo inajumlishwa. Dawa ni kila kiyoyozi kuwa na RCD yake.

Waya, breka, na hesabu ya ampea

Hapa kuna namba zinazochanganywa kila siku, na ya kwanza ni BTU. Mtu anasoma 24,000 kwenye katoni akadhani ndiyo umeme unaoliwa. Hiyo ni kiasi cha joto ambalo mashine inaweza kulitoa chumbani kwa saa moja, sawa na kilowati 7 za joto. Kiyoyozi kinasomba joto kutoka ndani na kulitupa nje, na kusomba ni rahisi kuliko kutengeneza, kwa hiyo mashine hiyo hula umeme wa kilowati mbili na ushei tu. Wengine watakutajia tani. Tani moja ni BTU 12,000, na jina lilitoka enzi za barafu: ni kasi ya joto inayoyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu kwa siku nzima. Kwa kupimia waya, weka BTU na tani pembeni. Soma kibandiko kilicho ubavuni mwa boksi la nje, utafute ampea.

Kibandiko hichohicho kinakwambia kama mashine ni ya nchi hii. Umeme wetu ni volti 240 kwa laini moja, 415 kati ya fezi na fezi, yaani kati ya nyaya mbili za moto za laini tofauti, na hezi 50. Mashine zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani zimetengenezwa kwa hezi 60. Mota ya namna hiyo ikiwekwa kwenye hezi 50 kwa volti zilezile inavuta mkondo kupita kiasi na kuchemka, hata kama siku ya kwanza itazunguka vizuri. Bei yake rahisi utailipa kwa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi.

Sasa mashine ya Hajati. Kila moja ilikuwa inavuta kama ampea 11 ikifanya kazi kwa nguvu, kwa hiyo zote mbili ni 22. Waya wa shaba wa milimita 2.5 ndani ya bomba, kwa jedwali za Kiingereza tulizofundishwa nazo wengi wetu, unabeba ampea 24. Mtu akiishia hapo ataona mambo yako sawa. Lakini jedwali hiyo imeandikwa kwa hewa ya nyuzi 30. Bomba lililolala juu ya zege au bati saa nane mchana linafika 50 bila shida, na kwa nyuzi 50 waya wa plastiki ya kawaida unabakiwa na asilimia 71 ya uwezo wake. Ishirini na nne inakuwa kumi na saba. Waya wa ampea 17 ulikuwa umebebeshwa 22, ukilindwa na breka ya 32. Ile breka ya 16 iliyokuwa inaanguka mchana ndiyo iliyokuwa inasema kweli, nayo ikatolewa. Tulipolikata lile bomba la plastiki lilivunjika kama kaka la yai, na nyaya ndani zilikuwa zimeshikana.

Sheria ni hii, nayo haina njia ya mkato: ampea za mashine zisizidi namba ya breka, na namba ya breka isizidi uwezo wa waya mahali pale ulipolazwa, kwenye joto lake. Breka ikianguka, tafuta kwa nini. Ukitaka breka kubwa, badilisha waya kwanza.

Kuna wakati breka huanguka bila waya kuelemewa, nao ni wakati wa kuwasha. Kompresa ya kizamani, isiyo ya inveta, ikianza kuzunguka huvuta mara tano au sita ya mkondo wake wa kawaida kwa kitambo kifupi. Mashine ya ampea 11 inagusa 55. Breka ya 16 yenye herufi B inakata papo hapo kati ya ampea 48 na 80, kwa hiyo inaweza kuanguka kila kompresa inapoanza. Yenye herufi C inangoja mpaka kati ya 80 na 160. Namba ni ileile 16, waya unalindwa vilevile dhidi ya kuelemewa, ila inavumilia ule mshtuko wa kuanza. Badilisha herufi, usipandishe namba. Ni jambo dogo na nyumba nyingi zingepona kwa hilo.

Ule mkondo wa kuanza una madhara mengine kwa waya mwembamba na mrefu. Tuseme kutoka bodi mpaka paani ni mita 40. Waya wa 2.5 unapoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Kwa ampea 11 unapoteza volti 8, hakuna neno. Kwa ampea 55 unapoteza 40. Kama jioni hiyo umeme wa mtaani umeshuka mpaka 215, kompresa inajaribu kuamka na volti 175. Haiamki. Inanguruma, inachemka, inazimika, inajaribu tena. Watu husema gesi imekwisha, wanaita mtu wa gesi, wanalipa, na tatizo linabaki. Weka waya wa milimita 6, upotevu ule wa 40 unakuwa 16, na kompresa inaamka.

Shaba nayo uikague. Sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba, na kuna za shaba halisi zilizopunguzwa unene. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Kisha hesabu na kupima: waya wa 2.5 wenye nyuzi saba, kila uzi una kipenyo cha milimita 0.67, na wa 4 una 0.85. Kalipa ndogo ya mfukoni imeniokoa mara nyingi kuliko maneno ya muuzaji.

Rangi ya bluu inaweza kuua mashine

Hili nitalisema kwa ufupi lakini ulishike. Majengo yetu ya zamani yamefuata rangi za Kiingereza za zamani: nyekundu, njano na bluu kwa fezi tatu, nyeusi kwa nyutro. Uingereza yenyewe ilizibadilisha kati ya mwaka 2004 na 2006, na kebo nyingi za sasa zina kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, na bluu kwa nyutro. Kwa hiyo bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi. Fundi anayeunga bluu ya kiyoyozi kipya na bluu ya jengo la zamani, kwa kuwa zinafanana, ameipa mashine ya volti 240 volti 415. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina desturi nyingine tena: nyeusi ni moto, nyeupe ni nyutro. Rangi ni dokezo tu. Pima kila waya, kisha uuvishe tepu ya rangi sahihi kwa ajili ya atakayekuja baada yako.

Kwa mashine kubwa za fezi tatu, kama zile za ukumbi au duka kubwa, ongeza kifaa kinachochunga fezi. Fezi moja ikipotea njiani, mota inaendelea kujikokota kwa mbili mpaka inaungua. Na fezi zikipishana mpangilio, baada ya mtu kutengeneza nguzo kwa mfano, kompresa za aina ya skroli huzunguka kinyumenyume: kelele nyingi, ubaridi hakuna, na haichukui muda zinaharibika. Kifaa hicho kinakataa kuwasha mpaka mpangilio uwe sawa.

Mashine ndogo nayo inataka kilinda volti chenye kuchelewesha. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde kumi, gesi ndani ya kompresa bado imebanwa upande mmoja, na kuiwasha hapo ni kulazimisha mota isukume ukuta. Dakika tatu mpaka tano zinatosha gesi kusawazika.

Juu ya paa penyewe, pembeni ya boksi, lazima pawe na swichi ya kutenga, tunayoiita aisoleta, inayokata moto na nyutro pamoja, isiyopitisha maji, na yenye tundu la kutia kufuli. Kufuli ndiyo roho ya jambo. Aliye paani hamwoni aliye kwenye bodi, na mgeni akilalamika joto, mhudumu atapandisha breka bila kuuliza. Nikipanda, breka ya chini nimeifunga, aisoleta ina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Kebo iingie kwenye boksi na kwenye aisoleta kutoka chini, kupitia glandi inayobana, na kabla ya kuingia ishuke kidogo ndipo ipande, ili maji yadondoke pale kwenye tumbo la kebo yasifuate waya mpaka ndani. Mabomba yawe ya chuma au ya plastiki iliyotengenezwa kwa jua.

Radi, na watu wa Tororo wanajua ninachosema. Weka kinga ya mkupuo, yaani ya volti zinazoruka ghafla, kwenye bodi kuu, iliyoungwa kwenye ardhi kwa waya mfupi na ulionyooka. Haitazuia radi kupiga jengo, lakini radi nyingi zinazoua mashine hupiga mbali na kuingia kwa njia ya nyaya. Na ukisikia ngurumo teremka, hata kama imebaki skrubu moja. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu katika shule moja wilayani Kiryandongo, nao walikuwa ndani ya jengo.

Kuhusu nani afanye kazi hii: UEDCL, kampuni ya serikali iliyopokea usambazaji kutoka kampuni iliyoitwa Umeme mwezi Aprili 2025, inakuletea umeme mpaka kwenye mita. Kutoka hapo kwenda paani ni wewe na fundi wako. Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, ndiyo inayotoa vibali kwa mafundi wa kufunga nyaya, na kibali ni kitambulisho. Omba ukione. Fundi mwenye nacho hataudhika. Niliyoyaandika hapa ni ya kukuwezesha kuuliza maswali na kuelewa majibu. Hayakufanyi uwe fundi wa paani.

Kabla ya kugusa nyaya za Hajati tulifanya hivi. Tulizima, tukafunga kufuli, kisha nikapima kwa kipimo chenye ncha mbili: kwanza kwenye soketi ninayojua ina umeme, ili nijue kipimo ni kizima, halafu kwenye nyaya za boksi, halafu tena kwenye soketi. Testa ya kalamu inayowaka taa siitumii kwa uamuzi wa namna hii, inadanganya kote kuwili. Baada ya hapo tulikaa. Ndani ya inveta mna kapasita kubwa zinazohifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuzima, na mashine za kizamani nazo zina kapasita ya kuwashia. Tulikunywa maji, dakika kumi zikapita, nikapima tena kwenye kapasita zenyewe mpaka zikasoma karibu na sifuri.

Tukavuta kebo mbili mpya za milimita 4 zenye waya wa ardhi, kila moja kwenye bomba lake, maana nyaya za saketi mbili ndani ya bomba moja hupashana joto na uwezo wao hupungua. Kila mashine ikapata breka yake ya 20 yenye herufi C, RCD yake ya aina A, na aisoleta yake. Kila skrubu nilimwambia kijana aikaze kisha auvute waya kwa nguvu. Nyaya mbili zilichomoka, akazikaza upya. Kabla ya kuunga mashine tulipima nyaya kwa mega ya volti 500, kipimo kinachoonyesha kama plastiki ya waya inavujisha umeme, ambayo haigusi mashine kamwe kwa sababu ingeua bodi yake ya elektroniki. Fimbo ya ardhi ilisoma omu 46, tukaongeza ya pili mita chache kutoka hapo, karibu na bomba la maji ya kuogea ambako udongo haukauki, ikashuka mpaka 21.

Tulipowasha, nilivuta tena ule waya mrefu na kuweka ncha kwenye skrubu ileile. Kipimo kikasoma sifuri nukta tatu. Kisha nikamwita Hajati kwenye bodi, nikamwonyesha vitufe viwili vyenye herufi T, nikamwomba abonyeze mwenyewe. RCD ya kwanza ikaanguka kwa mlio mdogo, kiyoyozi juu kikanyamaza. Akabonyeza ya pili. Nikamwambia afanye hivyo kila baada ya miezi mitatu, na isipoanguka anipigie siku hiyohiyo. Alichukua kalamu ya wino akaandika tarehe ndani ya mlango wa bodi, kwa mkono wake, halafu akamwita yule kijana wa matangi apande.